Mkanda Mtupu

Katika kesi ile watuhumiwa walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mahabusu, amekaa kwenye sakafu ya saruji na viatu vilivyonyang'anywa kamba. Wa pili alikuwa mezani, amefunikwa shuka la maua, na hakuna askari hata mmoja aliyejisumbua kumhoji.

Mama Swali aliliondoa lile shuka.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watu aliowahoji, na hawakumpa kwa mapenzi. Kazini aliitwa Inspekta, na mwenyewe alijifanya halijui lile jingine, ingawa lilimponyoka koplo wake karibu kila asubuhi.

"Ndiye huyu muuaji?" Koplo aliuliza, akainama kutazama. "Mbona ana sura ya jiko?"

Kilikuwa kinasa sauti cha zamani, kile cha magurudumu mawili, chenye mbavu za mbao na uzito wa kuvunja kiuno. Bamba la nyuma lilikuwa limefunguliwa na skrubu zake zimekusanywa kwenye kifuniko cha chupa. Mkanda wa kahawia ulikuwa umehamia wote kwenye gurudumu la kulia, ncha yake inaning'inia. Kando palikuwa na pamba, chupa ya spiriti na bisibisi.

Mwenye mashine alikutwa chini ya meza hiyohiyo, vidole vya mkono wa kulia vimeungua. Mtaani walimwita Kinanda. Mchana aliuza rangi za nyumba. Jioni aliwarekodi wanakwaya na waimbaji wa harusi katika chumba hiki cha nyuma, ambacho kuta zake alizivisha magodoro mabovu ili majirani wasimchukie. Ilisaidia. Hakuna jirani aliyemsikia akirekodi, na hakuna aliyemsikia akifa.

Kituo kiliamua upesi. Mashine mbovu imeua mtu, basi aliyeiuza ajibu. Aliyeiuza ni Fundi Pasi, mtengenezaji wa redio na vinasa sauti vya mtumba, ambaye jina hilo lilimganda tangu alipoanza kazi kwa kuunga pasi za watu. Kesho asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kusababisha kifo. Tangu alipokamatwa, mkewe alikuwa kwenye benchi la mapokezi, bakuli la chakula mapajani. Bakuli liliingia ndani limejaa na kurudi limejaa.

"Una leo tu," mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Inspekta. "Kesho faili linaondoka, na wewe uache kunitazama hivyo."

Koplo, kabla ya kuvaa sare, aliwahi kusomea umeme na akafeli. Ndiyo maana aliuheshimu. Alihakikisha plagi iko nje ya ukuta, akaitoa fyuzi ya mashine, akaielekeza dirishani.

"Nzima."

"Maana yake?"

"Maana yake huyu jiko ana hoja. Umeme ungekuwa umevuja ndani hadi kwenye bati, hii ndiyo ingekufa kwanza. Kabla ya mwenye nyumba."

Alirudisha fyuzi, akachomeka plagi, akagusisha bisibisi ya kupimia umeme kwenye bati la mashine, juu, ubavuni, kwenye kila skrubu. Taa ya bisibisi haikuwaka hata kidogo.

"Salama. Unaweza kuilalia."

"Ndani je?"

"Ndani ni habari nyingine. Ukitia mkono mle plagi ikiwa ukutani, huhitaji mashine mbovu. Mashine nzima itakuua vizuri zaidi."

Mjane wa Kinanda alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa muuguzi, mtu aliyezoea maiti za watu wengine, lakini sakafu ya chumba kile hakutaka kuikanyaga. Inspekta alimsogezea kiti hadi kizingitini.

"Dada, nieleze alivyoinunua."

"Kuinunua?" Mjane alitoa pumzi iliyotaka kuwa kicheko ikashindwa. "Alikwenda kwa Fundi Pasi mpaka viatu vikaisha. Kila akienda, bado. Mpira wa kuzungusha umelegea, bado. Kapasita zimevimba, zinabadilishwa, bado. Nikamwambia, mume wangu, huyo fundi hataki kuiuza, anataka kuioa."

"Hatimaye akaitoa."

"Kwa masharti kama ya dawa. Vichwa vya kusomea mkanda usafishe kwa spiriti kabla hujarekodi. Ndani usiguse mpaka umechomoa plagi. Na ukishaichomoa usiiache chini, mtu asije akakuchomekea. Ilete mezani, ilaze mbele ya macho yako."

"Na alifuata?"

"Inspekta, mume wangu alisahau hata siku tuliyofunga ndoa. Lakini plagi ile aliilaza hapo mezani kama mtoto mchanga. Namwona mpaka sasa."

Inspekta alitoa picha zilizopigwa siku ya tukio. Katika zote plagi ilikuwa ukutani. Koplo alichungulia begani kwake, akaacha utani.

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Zamu, hospitali. Jioni akanipigia, furaha mpaka anameza maneno. Mkanda mmoja ulikuwa umekubali kuimba." Mjane alionyesha katoni iliyokuwa chini ya rafu. "Hiyo ni mikanda iliyotupwa na redio. Fundi alimpa pamoja na mashine. Imekaa mpaka imefanya gundi, ukiicheza inanata. Basi yeye anaioka."

"Anaioka?"

"Kwenye oveni yangu. Moto mdogo, kutwa nzima. Eti gundi inakauka, unapata wiki chache za kuusikiliza. Mkate wangu ulikuwa unanuka taarifa ya habari."

Koplo alicheka, kisha akaomba radhi. Mjane alimwambia asijali, kwani mwenye mikanda angecheka vilevile.

"Ukausikia huo mkanda?"

"Aliweka simu kwenye spika. Mwanamke anaimba, mwanamume anaitikia. Wimbo ule wa redio wa asubuhi."

"'Amkeni, jua limeshavaa viatu'?"

"Huohuo. Ila polepole, kama mtu anaosha vyombo. Halafu akasema, ngoja nimwite mwenyewe aje asikie."

"Mwenyewe nani?"

Mjane alimtazama kama anayeulizwa maji ni nini. "Mzee Antena. Si ndiye aliyeutunga?"

Hilo lilijulikana na kila aliyewahi kuamshwa na redio. Mzee Antena alikuwa mtu wa mitambo redioni hadi alipostaafu, na wimbo wake ulitangulia habari za asubuhi tangu watu wazima wa leo wakiwa matumboni. Mwezi ule ukumbi wa muziki wa mji ulikuwa unakaribia kupewa jina lake. Polisi walikwisha kumhoji, kwa simu na kwa heshima nyingi. Alisema ndiyo, marehemu alimwalika, lakini magoti yanamsumbua, hakwenda.

Kwa ncha ya kalamu, asiache alama zake, Inspekta aliuviringisha mkanda kurudi gurudumu la kushoto, la bati, lililopinda ukingo. Akabonyeza kitufe cha kucheza kwa kalamu ileile. Spika ilitoa mvumo mwembamba, kama pumzi ya mtu anayesikiliza mlangoni. Walisubiri. Akausogeza mbele, akacheza tena. Mvumo.

"Mtupu," Koplo alisema.

"Siyo huo basi," Mjane alisema.

"Ule wa oveni ulikuwa kwenye gurudumu gani?"

"Hilo la bati, lililopinda. Nililiangusha mimi, nikagombezwa." Alilitazama tena. "Ni huo."

"Labda aliufuta kwa bahati mbaya," Koplo alijaribu. "Alitaka kucheza, akarekodi juu yake."

"Tazama vitufe. Kurekodi unabonyeza viwili kwa pamoja. Haya, tuseme vidole viliteleza. Kufuta kunakwenda mwendo uleule wa kusikiliza, hakuna kukimbiza. Utelezeshe vidole, halafu ukae kitako uutazame wimbo unaoupenda unakufa, mwanzo hadi mwisho?" Inspekta alitikisa kichwa. "Mkanda tumeukuta umeishia kulia. Mtu ameusubiri mpaka ncha ikatoka."

Alinusa vitufe. Spiriti. Koplo alifungua mkoba wake wa poda, akavipaka kwa brashi, akapaka na bamba la mbele. Hakukutokea alama hata moja ya kidole. Hata ya mwenye mashine.

"Aisee, usafi," Koplo alisema. "Mtu anaishi na mashine hii kila siku, halafu hajawahi kuigusa?"

"Endelea. Usipake panapobonyezwa. Paka panapozungushwa."

"Wapi?"

"Ukishapitisha mkanda kwenye vichwa unakuwa umelegea. Kabla hujacheza unaukaza kwa kulizungusha gurudumu la kulia kwa kidole. Nimefanya hivyo sasa hivi kwa kalamu, na wewe hukuona. Ni mambo ya mkono, kichwa hakishiriki."

Gurudumu la kulia lilikuwa la plastiki, jipya; Mjane alisema marehemu alilinunua wiki ileile alipokufa. Poda ilipotulia, ukingoni kulikuwa na alama ya kidole cha shahada, safi kama ya kitambulisho. Koplo aliilinganisha na alama za Kinanda zilizochukuliwa mochwari. Halafu na za Fundi Pasi.

"Siyo ya marehemu. Na siyo ya Fundi."

Mjane alishika fremu ya mlango. "Kulikuwa na mtu humu."

"Kulikuwa na mtu," Inspekta alisema. "Alikaa kwa starehe zake."

Alikuwa akiutazama mkanda kwa jicho la msichana aliyekulia kwenye kaseti, ambaye alijua kwamba upande wa kwanza ukikunyima raha, unaigeuza. Aliukimbiza mkanda wote hadi gurudumu la kulia, kisha akayabadilisha magurudumu: la kulia akaliweka kushoto, la kushoto kulia, mkanda juu chini. Akaukaza kwa kalamu. Akabonyeza.

Spika ilipayuka.

Koplo aliruka. "Mama Swa... Inspekta! Hiyo lugha gani?"

Zilikuwa sauti za watu, lakini kila neno lilianza kwa mwangwi na kuishia kwa kishindo, kama mtu anayemeza alichokuwa amekisema. Inspekta aliacha iendelee. Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu, na halikuwa tabasamu la kupendeza.

"Ni watu wanaozungumza kinyumenyume. Sikiliza. Mashine ya nyumbani inaandika nusu ya upana wa mkanda ikienda, na nusu ya pili ukiugeuza. Kama kaseti. Ukifuta, inafuta nusu hiyohiyo. Mashine kubwa za redio haziandiki hivyo, zinachukua upana wote kwa mkupuo mmoja. Mkanda huu uliandikwa redioni, umejaa ukingo hadi ukingo. Aliyekuja kuufuta alifagia nusu ya chumba, akazima taa, akaenda zake akijua kimetakata."

"Na hiyo nusu iliyobaki tunaisikia kutoka mkiani."

"Geuza kwa simu yako. Najua una kila upuuzi humo."

Koplo aliurekodi, akaukabidhi kwa kijiprogramu alichokuwa akikitumia kuwageuza wenzake sauti na kuwacheka. Kisha wote watatu waliinamia simu, Mjane naye, ambaye alikuwa amekanyaga ile sakafu bila kujua.

Kijana mmoja alisema: *Jaribio la mwisho. Mdogo wangu, tafadhali usicheke.* Sauti ya msichana ikaanza kuimba, taratibu, bila ala yoyote. *Amkeni, jua limeshavaa viatu.* Kijana akaitikia, akakosea. Msichana akacheka.

*Siyo hivyo, kaka! Mbona unauvuta kama gunia? Nimeutunga wa kuamsha watu, wewe unawalaza.*

*Haya, nifundishe tena.*

Mkanda uliendelea. Sauti ya kijana ilikuwa nyororo, haina mikwaruzo ya uzee, lakini ile namna ya kulikanyaga kila neno kama mtu anayepima kipaza sauti, nchi nzima iliijua.

"Kinanda alielewa alichokuwa nacho?" Inspekta aliuliza.

"Hapana." Mjane alikuwa mkavu wa macho. "Alisema ni zawadi. Alitaka uchezwe siku ya ukumbi, Mzee ashtukie tu." Akaitazama mashine. "Kwa hiyo mume wangu ameuawa kwa ajili ya wimbo?"

"Kwa ajili ya nusu yake," Inspekta alisema, akaanza kuufunga mkanda kwenye mfuko wa ushahidi.

*

Mzee Antena aliwapokea mchana kweupe, amevaa koti. Magoti yaliyomsumbua yalimfikisha mlangoni kabla kengele haijamaliza kulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Kaeni, ila siyo pale, hapo sauti inagonga ukuta."

Sebule ilikuwa imejaa ngao na picha. Katika kila picha alikuwa amepewa kitu. Aliwamiminia maji mwenyewe, akawapa bilauri. Inspekta aliipokea yake kwa chini, kwa vidole viwili, akaiweka mezani bila kunywa.

"Tumekuja kukusumbua kuhusu yule kijana."

"Masikini. Nilimwonya. Vitu vya mtumba hivi, mafundi wa vichochoroni wanavipaka rangi wanakuuzia jeneza. Huyo fundi mmemfunga?"

"Kesho anapanda kizimbani."

"Vizuri. Inauma, lakini vizuri."

"Hukuwahi kufika pale nyumbani, mzee?"

"Sikujaaliwa. Magoti."

"Wala kuiona mashine yake?"

"Nimeshika mashine za kweli maisha yangu yote, mwanangu. Vile vidude vya nyumbani nilikuwa sivitazami mara mbili."

"Ndivyo tulivyofikiri," Inspekta alisema kwa upole. "Kwenye mashine tumekuta mkanda. Mtupu. Koplo, mwekee mzee, tumwulize kama anatambua sauti."

"Mtupu una sauti gani?" Mzee alianza kucheka.

Koplo alibonyeza simu.

*Siyo hivyo, kaka! Mbona unauvuta kama gunia?*

Kicheko kilikatika. Mzee hakusogea. Kitu pekee kilichotembea usoni mwake kilikuwa kope, upesi upesi, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Koplo aliuacha wimbo ufike mwisho wa ubeti, kisha akauzima.

"Mmeutoa wapi?"

"Kwenye mkanda uleule."

"Hapana." Sauti ilikuwa ya mtaalamu aliyekosolewa na mtoto. "Haiwezekani. Mkanda ukishafutwa umefutwa. Kichwa cha kufutia kinapita ukingo hadi ukingo, hakiachi hata pumzi. Msinifundishe kazi hiyo. Nimefuta mikanda mingi kuliko mikate mliyokula."

"Mashine za redio zinapita ukingo hadi ukingo," Inspekta alisema. "Hii ya nyumbani inapita nusu. Mzee, ungekitazama kile kidude mara mbili."

Midomo ya Mzee Antena ilitamka neno moja bila sauti, na Inspekta aliona ni lipi: *nusu*.

"Sijasema niliufuta mimi."

"Hujasema. Mwanzo mimi nimesema mtupu, na mikanda mitupu inauzwa madukani; aliyesema umefutwa ni wewe. Lakini tuliache hilo, wakili wako atalipigia kelele. Gurudumu la kulia lina kidole cha shahada cha mtu. Ni gurudumu jipya, lilinunuliwa wiki aliyokufa. Vitufe ulivifuta kwa spiriti, ukaacha ule ukingo unaokazia mkanda." Alisukuma bilauri kidogo, ikasogea kuelekea kwa Koplo, aliyekuwa tayari na mfuko. "Na hapa umetumiminia maji. Asante. Tutalinganisha. Ikiwa siyo chako, nitakuja kuomba radhi nikitambaa."

Mzee aliitazama ile bilauri ikiingia mfukoni. Halafu akaitazama simu mkononi mwa Koplo.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Alikufa kabla wimbo haujapigwa hewani. Homa, ya siku chache tu. Nilipeleka mkanda mwingine, mimi mwenyewe naimba, wakaniuliza umetunga wewe? Nikanyamaza. Wakaandika jina langu. Nani angesema? Yeye alikuwa ardhini."

"Kinanda alisema nini?"

"Alisema nimekupatia zawadi!" Kwa mara ya kwanza sauti ilipanda. "Anacheka, anapiga makofi. Eti siku ya ukumbi watu wote wausikie. Nikamwambia mwanangu, huo nipe mimi. Akasema Mzee, unaona haya ya ujana wako? Hakuelewa hata kidogo. Angeelewa ningemwomba. Utamwombaje mtu asiyejua ameshika nini?"

"Mashine ilifunguliwa na nani?"

"Na yeye. Kulikuwa na mvumo. Nikamwambia kuna waya umelegea huko ndani. Akachomoa plagi, akailaza mezani, anaitazama kama ina miguu. Nikamwambia tia mkono hapo, shikilia, mimi nachomeka taa upate kuona."

"Ukachomeka. Ila siyo taa."

Koplo alikuwa ameacha kuandika.

"Halafu?" Inspekta aliuliza.

"Halafu nikaufuta."

"Mkanda mzima, kwa mwendo wake."

"Kufuta hakuna haraka."

"Na yeye alikuwa wapi muda wote huo?"

"Sakafuni." Alijikuna goti. "Nilivuta miguu yangu nimpe nafasi."

Barabarani gari lilipiga honi likapita. Inspekta alisimama, akamwambia kwamba amekamatwa kwa kosa la mauaji, akamsomea haki zake moja baada ya nyingine, polepole, bila kuruka. Mzee alisikiliza kwa makini kama anayepima kiwango cha sauti.

"Pale mwisho," alisema Koplo alipomfunga pingu, "kabla mkanda haujaisha, kuna mahali aliniita jina langu la utotoni. Bado limo? Au lilikuwa kwenye nusu ile nyingine?"

"Zote mbili zilikuwa na kila kitu," Inspekta alisema. "Limo."

"Niwekee."

"Litachezwa mahakamani, mzee. Kwa spika nzuri."

*

Alama za vidole zilijibu kabla jua halijazama. Mkuu wa kituo aliusoma ujumbe wa maabara akiwa amesimama, akakaa, akausoma tena, kisha akasema kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi. Inspekta alimshukuru kwa wasiwasi wake na kumwomba funguo.

Fundi Pasi alitoka akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda wa kiunoni nao walikuwa wameuchukua. Alikuwa mtu mfupi mwenye makovu ya solda vidoleni, na alikuwa amekonda kwa namna inayotia aibu kumtazama. Mkewe alimfikia kabla ya kaunta. Hakulia, hakupiga vigelegele. Alichuchumaa pale mapokezi, mbele ya askari wote, akaanza kumrudishia kamba za viatu tundu baada ya tundu.

"Mashine yako haikumuua mtu," Inspekta alimwambia. "Tumeipima. Haina kosa."

Fundi alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za ukoo mwingine.

"Umenisikia, Fundi? Ulifanya kazi yako vizuri."

"Mwanzoni nilijua hivyo," Fundi alisema. Sauti ilikuwa imekauka. "Siku za kwanza nilikuwa nawaambia kila waya, kila kapasita. Wao wanauliza, una hakika? Nami nasema nina hakika. Wanakuja wengine, wanauliza, una hakika?" Alivitazama vidole vyake. "Jana nikaukumbuka waya mmoja. Wa kushoto, karibu na transfoma. Nikakumbuka kabisa kwamba sikuuunga vizuri. Nilikuwa na haraka, simu inalia, nikasema nitaurudia. Niliiona solda ilivyokaa vibaya. Niliona na rangi ya waya."

"Upande wa kushoto wa transfoma hakuna waya," Koplo alisema taratibu. "Nimeifungua yote leo."

"Najua," Fundi alisema. "Sasa hivi najua. Lakini kesho ningesimama pale mbele nikawaambia upo."

Mkewe alimaliza kiatu cha kulia, akahamia cha kushoto.